Mfarishi wa vitenge kwa mshono nusu: shajara ya mradi

Jumamosi. Kuchambua mabaki

Mfarishi huu, yaani tandiko nene la viraka na tabaka la kujifunika, ni wa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita. Atakilalia binti wa dada yangu, anayekuja kusoma huku Njombe muhula ujao. Mtoto ametoka Tanga, hajui baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai zake si za kufanyia mzaha. Mablanketi yapo dukani, najua. Lakini mafundi wa upande wa sokoni wanatupa mabaki ya vitenge kwa mifuko, na mifuko miwili ya mabaki hayo imenijazia kona ya chumba muda mrefu.

Leo nimeimwaga yote sakafuni. Si kila kinachouzwa kwa jina la kitenge ni pamba, kwa hiyo kila kipande nilichokitilia shaka nimekichomoa nyuzi mbili tatu, nikaziwasha kiberiti. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha hubaki kitone kigumu. Za poliesta nimezirudisha mfukoni. Kazi ya viraka inapigwa pasi baada ya kila mshono, na pasi yenye moto wa kunyoosha pamba huikunyanza poliesta hapo hapo.

Nimefua kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya kina ule ugumu wa kiwandani, na maji ya kwanza hukirudisha ndani kidogo. Bora kiruke sasa kuliko kiruke kikiwa tayari kimeshonwa na vingine visivyoruka. Nyekundu na buluu iliyokolea nimezifua peke yake mpaka maji yakawa meupe. Kuna wanaotia chumvi. Mimi bado sijaona chumvi ikizuia rangi iliyokwisha kuamua kutoka.

Jumapili. Mchoro na hesabu

Mchoro niliouchagua ni mwepesi kuuangalia: kitovu cha mraba katikati, na mikanda minne inayokizunguka ikifukuzana. Washonaji wa Marekani wanauita Bright Hopes. Hauna pembetatu wala kona za kuumiza kichwa. Ni mistari mitupu. Lakini uchore kwenye karatasi uone: hakuna mstari hata mmoja unaokata mraba kutoka ukingo hadi ukingo. Miraba mingi ya viraka hushonwa kwa kuunganisha vipande kuwa safu, halafu safu na safu. Hapa hakuna safu. Kila mkanda unaegemea ubavu wa mwenzake, na huyo mwenzake naye hajashonwa bado. Ukiuanza kwa kawaida, ukaushona mkanda wa kwanza wote, utakwama ukifika wa nne, kwa kuwa mahali pake pamezibwa.

Ni kama kufunga boksi bila gundi, kwa kupishanisha zile mbawa nne. Ya mwisho inatakiwa ipite chini ya ile ya kwanza, kwa hiyo ile ya kwanza huibonyezi mpaka chini. Unaiacha imeinuka, unazungusha nyingine, kisha unaichomeka. Mshono nusu ndio huo. Mkanda wa kwanza unashonwa sehemu tu, mingine mitatu inashonwa yote kwa zamu, halafu unarudi kumalizia wa kwanza.

Vipimo, baada ya kushonwa: kitovu inchi 4 kwa 4, mkanda upana inchi 3. Urefu wa mkanda lazima uwe kitovu pamoja na upana wa mkanda mmoja, yaani 7. Mraba mzima unakuwa inchi 10. Nafasi ya mshono ni robo inchi kila upande, kwa hiyo natakiwa kukata vitovu vya 4½ kwa 4½ na mikanda ya 3½ kwa 7½. Miraba mitano kwa upana na saba kwa urefu inanipa inchi 50 kwa 70: vitovu 35, mikanda 140.

Kwa asiye na mabaki: yote hayo yanatoka kwenye yadi tatu kamili za kitambaa cha upana wa inchi 44, kikikatwa bila kupoteza. Nunua tatu na nusu. Mkasi haujawahi kuheshimu hesabu ya karatasi.

Jumatatu jioni. Kukata

Maua ya kitenge si ya kufuata. Mara nyingi yamechapwa yakiwa yamepinda kidogo kuliko nyuzi, na ukifuata ua unakata mshazari bila kujua. Mkanda wa mshazari unavutika. Utashona inchi saba na nusu, upige pasi, upate zaidi ya hapo. Mimi nachomoa uzi mmoja kutoka upande mmoja wa kipande hadi wa pili, ule mfereji mwembamba unaobaki ndio mstari wangu, na chaki inafuata hapo.

Vitenge vya ndege, vya samaki, vya feni na vya taa nimeviweka kando. Mikanda inazunguka, kwa hiyo katika kila mraba samaki mmoja atasimama, mmoja atalala ubavu wa kulia, mmoja wa kushoto na mmoja atakuwa kichwa chini. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi nataka mtoto alale. Nimebaki na majani, nukta, mawimbi na vile vyenye nyufa ndogo za nta, ambavyo vina raha nyingine: nta halisi rangi yake imeingia pande zote mbili, kwa hiyo huna haja ya kutafuta uso wa kitambaa usiku taa ikiwa hafifu. Vile vilivyochapwa upande mmoja nimevitia alama ya chaki kwa nyuma.

Vitovu vyote ni vya rangi moja, njano ya haradali isiyo na maua, ya pamba. Mikanda ikigombana rangi, kitovu kinaamua.

Jumatano. Mraba wa kwanza, hatua kwa hatua

Cherehani yangu ni ya miguu, Butterfly, na mguu wake wa kubana kitambaa haukupimwa kwa robo inchi. Nimepima kwa rula kutoka ncha ya sindano, nikabandika vipande vya plasta vilivyopandiana kwenye bati la cherehani mpaka pakawa na ukuta mdogo. Kitambaa kikisugua ukuta huo, mshono uko sawa.

Kitovu nimekiweka juu ya mkanda wa kwanza, uso kwa uso, nikakutanisha ncha za upande wa kushoto tu. Upande wa kulia mkanda umebaki unaning'inia. Nimeshona kutoka ile ncha iliyokutana, inchi tatu, nikasimama ikiwa imebaki inchi moja na nusu kufikia mwisho wa kitovu. Nimerudi nyuma hatua mbili kufunga uzi, nikatoa. Kwa macho ni kazi iliyokatishwa. Wapo wanaofundisha mraba huu wakisema uache inchi moja. Mimi naona inchi moja ni ubahili: ukifika mkanda wa nne utahitaji kuukunja ule wa kwanza upishe njia, na ukiwa umeshonwa karibu sana unakataa kukunjika, unaanza kuvuta kona ya kitovu.

Pasi, ukibonyeza kuelekea nje, kwenye mkanda. Kubonyeza, si kuburuta. Kuburuta kunarefusha ukingo wa kitambaa ambao haujashonwa. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha ile ya mkaa, nikaisugua kwanza kwenye jani la mgomba ili masizi yasije yakaishia kwenye njano.

Mkanda wa pili unakwenda kushoto, upande ule ncha zilipokutana. Ubavu huo sasa umekamilika: una kichwa cha mkanda wa kwanza na ubavu wa kitovu, na ukijumlisha unapata inchi saba na nusu, sawasawa na urefu wa mkanda mpya. Unaulaza, unashona wote, unapiga pasi kuelekea nje. Wa tatu unakwenda chini, ukishika kitovu na kichwa cha wa pili. Wa nne unakwenda kulia, ukishika kitovu na kichwa cha wa tatu. Hapo ndipo ile inchi moja na nusu inapojilipa: mkanda wa kwanza nimeukunja kwa juu, nikaubana na pini kwenye mwili wake wenyewe, ukakaa mbali na sindano.

Kisha kurudi mwanzo. Nimetoa pini, nikaushusha mkanda wa kwanza ufunike kichwa cha wa nne, uso kwa uso, nikabana. Kitovu kinakaa juu ili nione mishono iliyolala mgongoni mwake isije ikapinduka ikifika kwenye mguu wa cherehani. Nimeanza nusu inchi nyuma, juu ya mshono wa zamani, nikapita pale palipoachwa wazi, nikavuka kiungo cha kitovu na mkanda wa nne, mpaka ukingoni. Pasi. Inchi kumi na nusu kila upande, kingo zake za kushonea zikiwemo.

Ukiugeuza nyuma huoni tena wapi mshono ulisimama, isipokuwa ule uzi uliopandiana, mzito kidogo ukipitisha kidole.

Alhamisi. Fundi jirani

Fundi wa kibaraza cha pili amepita kuazima sindano namba 16, akauona mraba wa pili ukiwa nusu njia.

"Dada, huu umeusahau?" Amenyoosha kidole kwenye mkanda unaoning'inia.

"Sijausahau, fundi. Ndio mlango wa kutokea."

Hakuridhika mpaka akaketi kushona wa kwake. Fundi huyu anashona suti, mkono wangu haumfikii hata nusu. Tatizo ni mazoea ya nguo: nguo unaiachia nafasi ya kutosha, maana mteja atanenepa, na jicho lake lilivyozoea limempa karibu ⅜ ya inchi badala ya robo. Mkanda wa pili ulipofika, umezidi ubavu kwa robo inchi nzima, ukachungulia nje.

Akataka kuukata. Nikamwambia aache kidogo, kwa sababu hilo ndilo jambo ninalolipenda zaidi kwenye mraba huu: unajipima wenyewe. Mkanda ni kipande kimoja, hauna mshono ndani yake, urefu wake haubadiliki. Ubavu unaokutana nao una mshono mmoja katikati, na mshono huo unakula pande mbili. Ukishona kwa ⅜ ya inchi, ubavu unabaki 7¼ wakati mkanda ni 7½. Ukishona finyu kuliko robo, mambo yanageuka, mkanda unapungua. Huhitaji rula, mkanda wa pili unakuambia kila kitu ukiwa umeshona mshono mmoja tu, na huo wenyewe ni nusu. Kufumua inchi tatu kwa wembe ni kazi ya kupepesa jicho. Kwenye miraba ya safu ungeligundua kosa hilo ukiwa umemaliza tisa.

Fundi amefumua, amesogeza kitambaa mpaka kwenye ukuta wangu wa plasta, ameshona upya. Umekaa. Ameondoka na sindano mbili.

Jumamosi. Mfululizo

Miraba iliyobaki siishoni mmoja mmoja. Nimeshona mishono nusu yote ya kwanza kwa mfululizo, bila kukata uzi kati ya kitovu na kitovu, ikatoka kamba ndefu ya bendera. Halafu mkasi, halafu pasi kwa mkupuo, halafu mikanda ya pili yote.

Hatari ya mfululizo ni mwelekeo. Ukikutanisha ncha za kushoto, mikanda inazungukia upande mmoja. Ukikutanisha za kulia, inazungukia upande wa pili, na hutajua mpaka miraba ikae pamoja. Dawa ni kutia msalaba wa chaki kwenye ncha ya mkanda inayotakiwa kubaki wazi, kabla ya kukaa kwenye cherehani. Msalaba ukiwa kulia, shona. Ukiwa kushoto, geuza.

Uzi wa bobini umekwisha katikati ya kamba, kama kawaida yake.

Jumapili. Kupanga sakafuni

Miraba yote 35 imetandazwa. Hapa mwelekeo mmoja unalipa kwa njia ambayo haionekani kwenye mraba mmoja. Mraba wangu ukitazama ukingo wake wa juu, una kiungo kimoja, inchi tatu kutoka kushoto. Ukingo wa chini nao una kiungo kimoja, lakini ni inchi saba kutoka kushoto. Ukiweka mraba juu ya mwenzake, viungo hivyo havikutani kabisa. Vilevile kwa pembeni. Kwa hiyo katika kuunganisha safu, pa kulenga ni kwenye kona nne za miraba tu. Kama ningechanganya wa kushoto na wa kulia kwa kupishana, kila ukingo ungekuwa na kiungo kinachotaka kukutana na cha jirani, na mimi ningekuwa bado nabana pini.

Safu ya kwanza nimepiga pasi mishono kuelekea kushoto, ya pili kulia, hivyo hivyo mpaka ya saba. Kwenye kona mishono inapishana na inashikana yenyewe.

Njano za haradali sasa zinaonekana kama vifungo kwenye kitambaa kimoja, na mikanda inazunguka kila moja. Pale buluu ya mawimbi ilipoangukia jirani na buluu ya nukta, mipaka imepotea. Nimebadilisha miwili tu. Kuna watu wanaopanga sakafuni wiki nzima. Mafanikio yao siyaoni.

Nikiwa hapo nikawa nawafikiria Wasiddi wa Karnataka, kule India, kizazi cha Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao wanashona mifarishi iitwayo kawandi, na wao kitendawili cha mikanda inayofukuzana hawanacho, kwa kuwa hawaunganishi vipande kwanza. Wanaanzia pembeni mwa kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanakunja ukingo wa kiraka, wanakishika kwa mkono kwa mishono mifupi inayopenya tabaka zote, wanakwenda wakizunguka mpaka wakutane katikati. Kuunganisha viraka na kushona tabaka pamoja ni kazi moja. Kwenye kona wanaweka vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, maua. Mimi natoka katikati kwenda nje kwa cherehani, wao wanatoka nje kwenda katikati kwa sindano ya mkono, na sina uhakika kwamba njia yangu ndiyo ya akili zaidi.

Jumanne. Pindo la nje, kwa sheria ile ile

Inchi 50 kwa 70 inapungukiwa inchi mbili kwa urefu wa kitanda, na pembeni inaning'inia kidogo tu. Nimeongeza pindo la inchi tatu kuzunguka, la buluu iliyokolea isiyo na maua. Na kwa nini nilishone kwa namna nyingine? Mfarishi mzima sasa ndio kitovu, na mikanda minne inaufukuzia pembeni kwa mshono nusu ule ule. Ule wa juu na wa chini urefu wake ni 50 na 3, yaani 53. Wa pembeni ni 70 na 3, yaani 73. Ongeza nusu inchi ya mishono kwa kila mmoja. Kwa kuwa kitambaa kina upana wa inchi 44, kila mkanda umeungwa, na kiungo nimekificha karibu na kona.

Kabla ya kukata nimepima mfarishi katikati, si ukingoni. Ukingo umeshikwashikwa sana, umevutika. Mkanda ukikatwa kwa kipimo cha ukingo, pindo linakuja na mawimbi ambayo pasi hailainishi.

Mkanda wa juu nimeushona nikaacha wazi kama futi moja mwishoni, nikauviringisha na kuufunga kwa pini za usalama. Kushoto, chini, kulia, kisha nikaufungua na kumalizia. Uzito wa kitambaa ndio shida pekee ya ukubwa huu. Nimesogeza meza ya chakula nyuma ya cherehani ili kisining'inie na kuvuta sindano. Sasa uso umefika 56 kwa 76.

Alhamisi. Tabaka

Ndani nitaweka blanketi jepesi la zamani lililofuliwa mara nyingi, maana halitaruka tena, na nyuma marekani. Sufi ya dukani ingekuwa nyepesi zaidi, lakini inajikusanya kwenye pembe ikifuliwa kama hukuitia mishono ya karibu karibu, na mimi nataka kuifunga kwa mafundo tu: uzi mnene mara mbili, kupenya na kurudi kwenye kila kona ya kila kitovu, fundo, mkasi. Kitovu ni inchi nne na nafasi kati ya vitovu ni sita. Blanketi halina pa kuhamia.

Fundi amerudi. Mke wake anataka mito ya makochi, mraba mmoja mkubwa kwa kila mto, inchi 16. Hesabu haibadiliki: chagua kitovu, toa kwenye 16, gawa kwa mbili upate upana wa mkanda. Kitovu 4, mkanda upana 6, urefu 10. Kata 4½ kwa 4½ na 6½ kwa 10½. Ameandika nyuma ya risiti, kisha akauliza kama kitovu kinaweza kuwa 6. Kinaweza: mkanda upana 5, urefu 11. Kata 6½ kwa 6½, na 5½ kwa 11½. Huo ndio aliouchukua, na plasta nimempa.